Mjumbe Aliyekuwa na Kaburi Lake

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa na kaburi kabla hajafa. Nalisema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati na maswali. Kaburi lenyewe nimeliona kwa macho yangu mawili, tena ukingo wake niliukanyaga kwa kutojua nikakemewa. Liko kisiwani Ukerewe, nyuma ya nyumba ya mama yake, karibu na zizi. Ndani yake walikuwa wamezika mgomba. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa amesimama ubavuni kwangu, amevaa shati lake la mikutano, anafuta jasho.

Wakati huo tulikuwa wapangaji Kariakoo, vyumba viwili vinavyotazamana na kibaraza chake. Mume wangu, Baba Neema, ni mtu wa Marangu na kazi yake ilikuwa reli. Mimi ni mtoto wa Magomeni, na ugonjwa wangu tangu nizaliwe ni mmoja tu: nataka kujua. Marehemu mama alikuwa akinisema kwamba nikienda msibani sitoki mpaka nijue marehemu alikula nini jana yake. Sasa kwa mtu kama mimi, kuwekwa jirani na Mjumbe ni sawa na mlevi kupangishwa chumba kilabuni.

Mkate wake ulitoka kwenye magodoro ya sufi. Asubuhi anamwaga sufi kibarazani, anaipiga kwa fimbo mpaka inavimba, kisha anaishindilia kwenye kitambaa cha mistari na kushona kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Sufi ilimkaa kila mahali. Ilimkaa kwenye nyusi, masikioni, kichwani. Anaweza kuwa anatueleza mambo makubwa ya nchi, kujitegemea na ukombozi wa kusini, huku kipande cheupe kinacheza juu ya sikio na watu wote wanakiangalia hicho. Mara moja nilimwambia. Akanijibu, "Mama Neema, hiyo ni kazi, si uchafu." Sikumwambia tena.

Ugomvi wote wa mtaa aliumaliza kwa mkutano. Wanawake wawili wamegombea kamba ya kuanikia nguo? Mkutano. Kijana anapiga redio mpaka watoto hawalali? Mkutano. Watu wanyooshe mikono, wahesabiwe, basi, habari imekwisha. Siku moja mpangaji mwenzetu alishtakiwa na mkewe kwamba anachelewa kurudi nyumbani. Mjumbe akatukusanya uani, akauliza nani anaona bwana huyu anachelewa. Mikono ikapanda, na bwana mwenyewe akanyoosha wa kwake, maana alishazoea kunyoosha. Mjumbe akasema neno lake, "Wengi wape," akarudi kwenye magodoro. Na yule bwana kwa muda akawa anawahi kweli.

Kitu kingine, hakutaka kabisa kusikia kabila. Ukimwita mtu Mchaga, Mmanyema au Mwarabu mbele yake, anakusimamisha hapo hapo, anakuuliza, "Huyo Mchaga umemwona wapi? Mimi namwona ndugu." Baba Neema alipenda kumchokoza kwa hilo. Mila nazo alisema nyingine nzuri, ngoma na nyimbo, lakini zile za kutisha watu tuziache, tusonge mbele.

Sasa sikiliza. Siku moja Baba Neema kaletewa kamongo mkavu kutoka Mwanza, yule samaki wa matope. Nimempika kwa karanga, nikapeleka bakuli kwa Mjumbe kwa ujirani mwema. Bakuli likarudi vile vile, limefunikwa. Nikamkuta ananawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Mjumbe, unaumwa?"

"Siumwi. Huyo hatumli. Huyo ni ndugu."

"Nani ndugu?"

"Samaki huyo. Ukoo wetu ni ndugu yake."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, "Umetufundisha sote ni ndugu, ila hukututajia kwamba na samaki wamo." Alinuna mpaka kesho yake asubuhi, kisha nikamsikia anacheka peke yake akipiga sufi.

Kisiwa chake tulikijua kwa masikio tu. Ukilalamika joto, atakwambia kisiwani kwao kuna upepo kutoka pande zote nne. Ukinunua chungwa sokoni, atalishika, atalinusa, atalirudisha na kusema hilo ni ndimu iliyolishwa sukari, machungwa yako kwao. Alisema kuna mawe makubwa kama nyumba yamepandana moja juu ya jingine na hayaanguki. Alisema kuna wazee wanapiga zeze na kuimba sifa za ng'ombe mmoja tangu asubuhi mpaka jua kali. Watu wa mtaani walimwacha aseme. Mimi nilimuuliza, "Sasa mbona huendi?" Hapo alikuwa anapata kazi ya haraka ya kutunga uzi kwenye sindano.

Jibu nililipata kwa sababu ya mchuuzi wa dagaa. Huyu alikuja Kariakoo na gunia lake begani, akapita mbele ya kibaraza, akamwona Mjumbe. Alisimama. Gunia akalitua chini taratibu, kisha akakimbia. Mtu mzima, mbio, kuelekea Mnazi Mmoja, dagaa kaziacha. Mjumbe alimtafuta mpaka akampata Buguruni, kwenye chumba cha kupanga, na yule mtu, kumbe wa kijijini kwao, akakataa kufungua mlango. Mazungumzo yote yakafanyika mlango umefungwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mjumbe aliondoka kwao kijana, hakuaga vizuri, na siku zile zile mtumbwi wa kwenda bara ukazama na watu. Kwao wakamhesabu humo. Yeye kumbe alishavuka na mtumbwi mwingine, akafika mashamba ya mkonge, baadaye Dar es Salaam, na kama vijana wengi akasema nitatuma salamu nikipata kitu. Hakupata, na alipopata akaona aibu. Huko kisiwani ziwa halikurudisha maiti. Ukoo wao, mtu akipotea hivyo, wanakata mgomba, wanaufunga nguo zake, wanauzika, wanalia, wanamaliza. Mama yake alikuwa bado hai.

"Mwandikie basi," nikamwambia.

"Maiti anaandikaje barua, Mama Neema?"

Alisema kama utani, lakini sindano ilikuwa imesimama. Kisha akasema, "Mimi sitaki kitu kwake. Nataka nimwamkie, aitikie. Basi. Hata nikirudi siku hiyo hiyo." Nikaenda kwangu nikalia jikoni, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Wafanyakazi wa reli walikuwa wanapewa waranti, hati ya kusafiri bure, wakati wa likizo, wanasafiri na familia zao. Sisi kila mwaka Marangu. Marangu ni kuzuri, sikatai, lakini kila mwaka baridi ile ile na wakwe wale wale. Mwaka ule nikasema tunaenda Ukerewe na Mjumbe. Yeye alikwishanieleza woga wake: akitokea peke yake watamkimbia kama yule wa dagaa, ila akitokea na watu na watoto wataona kivuli chake kati ya vivuli vyetu. Baba Neema alisononeka sana. "Likizo yangu mimi nasindikiza maiti," akasema, huku anafunga sanduku.

Ndani ya treni Mjumbe alikuwa mwalimu wa kila stesheni. Neema na mdogo wake Elia walimuuliza maswali mpaka Tabora, akayajibu yote, mengine kwa kubuni. Tulipopanda meli Mwanza akanyamaza. Alisimama mbele akishika chuma kwa mikono yote miwili. Mawe yalipoanza kuonekana, makubwa kama nyumba, yamepandana na hayaanguki, Baba Neema akanigusa bega, akasema, "Kumbe hakuwa mwongo." Mimi macho yalikuwa hayanitoshi. Harufu ya muhogo uliovundikwa, mashamba yanayopanda mpaka kwenye majabali, akina mama wanaopiga magoti njiani kuamkia wazee kabla ya kuendelea na mizigo yao. Na machungwa nayo, jamani, alisema kweli.

Kijijini kwao mwanamke mmoja aliacha jembe likaanguka. Alikuwa dada yake. Huyu aliwahi kuuza machungwa Mwanza kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, na woga hakuwa nao. Alimjia, akamtazama, akamfinya mkono kwa nguvu mpaka Mjumbe akaguta. Ndipo akamkumbatia, wakalia wote wawili. Halafu akajifuta akasema, "Wageni karibuni ndani. Wewe usiguse mlango huo."

Akatueleza. Mtu aliyekwisha kuzikwa hapiti mlango wanaopita watu. Anatobolewa ukuta nyuma ya nyumba, anaingia kwa magoti na mikono, ndani anakutana na mama yake tu. Ananyolewa, anaogeshwa, analishwa uji kwa mkono kama mtoto aliyezaliwa leo. Hapo ule mgomba unafukuliwa, unatupwa ziwani. Kabla ya hapo, kwa nyumba ile, yeye ni marehemu.

Mjumbe akakataa. Alisimama uwanjani akatoa hotuba, ile ile ya kwetu, kuhusu mila za kutisha watu. "Watu wazima wa Kariakoo wananisikiliza mimi. Leo nitambae kama mtoto kwa sababu ya mgomba?" Kisha akaukaribia mlango bila kuugusa, akavua kofia, akamwamkia mama yake kwa Kikerewe. Ndani tulisikia mwiko unasonga ugali. Mwiko ukasimama. Tukangoja. Mwiko ukaanza tena.

Basi ikawa kichekesho cha ajabu. Sisi wageni tunakula ndani, tunalala ndani, na mwenyeji wetu yuko nje, chakula anapelekewa, analala kwa dada yake kwenye chumba cha mahindi. Kila asubuhi anakuja mlangoni, anavua kofia, anaamkia. Kimya. Na mama si kwamba hayupo, namwona mimi mwenyewe, yuko hatua chache tu kutoka kwenye mlango, ameinamisha kichwa, amenipa mgongo.

Mjumbe akafanya lile alilolijua. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akaomba mkutano. Nani angekosa mkutano ule? Watu walitoka mpaka vijiji vya jirani. Akasimama mbele, na kadi yake ya chama mkononi ikiwa na picha, akasema hoja ni moja: yeye ni mzima au si mzima. Akaruhusu maswali. Mzee mmoja akauliza kama anasikia njaa, akajibu anasikia. Ikapigwa kura. Mikono yote juu, watoto nao, na Baba Neema ambaye hakuwa na haki ya kupiga kura pale akanyoosha wa kwake. Mwenyekiti akatangaza kwamba kijiji kimeafiki, ndugu huyu yu hai. Wakapiga makofi.

Akatoka pale na kijiji kizima nyuma yake, kifua mbele, mpaka mlangoni kwa mama. Akaamkia. Kimya.

"Wengi wape," alisema, ila kwa sauti ya chini, anamwambia nani sijui. Watu wakatawanyika bila kutazamana.

Jioni ile nilimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Ana hasira," akaniambia. "Miaka yote hiyo, hata salamu. Ana haki. Nikitambaa pia hataitikia, atanikomoa tu mbele za watu. Keshokutwa meli ipo, turudi." Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Na ugonjwa wangu ukanipanda. Kwa nini kukisia kilicho moyoni mwa mtu na mtu mwenyewe yupo?

Nikaingia ndani, nikamwomba dada mtu anisaidie lugha. Yule mama alikuwa kikongwe mdogo, anamenya muhogo bila kuutazama. Kabla sijasema neno akaanza yeye kuniuliza. Anakula vizuri huko? Nani anamfulia? Bado anakoroma? Na vile vyeupe kichwani ni mvi au maradhi? Nikamwambia ni sufi, anashona magodoro. Akacheka, akaziba mdomo haraka kwa kiganja, akatazama mlangoni. Huyu ndiye mwenye hasira? Nikamuuliza waziwazi, "Mama, mbona humwitikii mwanao?"

Dada mtu alisita kutafsiri, kisha akatafsiri. Mama akaweka kisu chini. Alisema polepole, na yule dada akawa ananipa kipande kipande. "Kaburi lake liko pale nyuma na lina masikio. Tulilipa mgomba, tukaliambia ndiye huyu. Nikimwitikia wakati bado ni wa kaburi, nimemwita mtu wake. Litajua tulilidanganya, litamtaka mwenyewe. Nilizika wa uongo nikakaribia kufa. Wa kweli nitamzika kwa nguvu gani?" Kisha akasema, "Mwambie kila asubuhi akiamkia najishika mdomo kwa mikono miwili."

Nilitoka mbio. Nilimpa maneno yale kama nilivyopewa, sikuongeza langu hata moja, na hilo kwangu si jambo dogo. Mjumbe alikaa pale pale mpaka dada yake akaja kutuita tule. Ndipo alipoinuka, akavua saa, akavua viatu, akavua lile shati la mikutano akalikunja, akampa Baba Neema.

"Watoboe wapi?" akauliza.

Walitoboa asubuhi, ukuta wa udongo, tundu la kumtosha ndama. Mjumbe hakuwa ndama. Aliingia kichwa na mabega, akakwama kiunoni. Watoto wakacheka, wazee hawakucheka. Baba Neema, mtu wa reli aliyezoea kusukuma mabehewa, akainama akamsukuma kwa bega, huku ananong'ona, "Pita ndugu yangu, pita." Akapita. Wakaziba tundu kwa mkeka.

Sisi tukafukuzwa ukutani, mimi nikafukuzwa mara ya pili. Nilisikia maji yakimiminwa. Nikasikia sauti ya mama, maneno machache, yametulia. Nikamvuta dada mtu nguo: kasema nini? Akakataa. "Hayo ni ya mama na mtoto mchanga." Wanaume wakafukua kaburi, mgomba ulikuwa umebaki nyuzi nyeusi tu, wakauchukua kwa majani mpaka ziwani. Waliporudi, mlango wa mbele ukafunguliwa, akatoka Mjumbe kichwa kitupu kinang'aa mafuta, mama yake nyuma. Akageuka, akamwamkia mbele ya watu wote. Mama akaitikia kwa sauti iliyofika mashambani. Baba Neema akaenda kusimama nyuma ya zizi peke yake kwa muda, nami sikumfuata.

Tuliporudi Kariakoo alikuwa Mjumbe yule yule. Mikutano, sufi, hakuna kabila. Ila kila mwaka akawa anafunga kibaraza anakwenda kwao, na mila akawa hazitaji kwenye hotuba, kwa uzuri wala kwa ubaya. Mimi nilimuuliza mama alimwambia nini mle ndani. Nilimuuliza kwa chai, kwa pilau ya Krismasi, nilimuuliza anapoumwa malaria na hana nguvu za kukataa. Jibu lake ni moja, "Hoja hiyo haipo mezani."

Baadaye tulihamia Magomeni, tukawa tunaonana kwa nadra. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni hakuna, unga kwa foleni. Nilikwenda stesheni kupokea ndizi kutoka kwa wakwe, nikamwona kwenye benchi, amekonda, kikapu kati ya miguu.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba, Mama Neema. Mjumbe si mimi tena, wamemchagua kijana." Akanisogezea nafasi. "Naenda kisiwani. Imekuja simu. Mama."

Nilimshika mkono. Nikampa pole, akaipokea. Alisema watamsubiri, dada yake kaahidi hazikwi mpaka afike. Tukakaa, watu wanapita na mizigo. Nilikuwa nimeuma ulimi wangu kwelikweli.

"Leo huniulizi?" akasema.

"Leo siulizi."

"Uliza tu."

Nikauliza, polepole. Akatazama reli.

"Nilikuwa ndani ya beseni, ndevu zangu na kila kitu, ananimwagia maji. Nikaanza kulia. Nililia vibaya, siwezi kujizuia. Akanifuta uso kwa kiganja, akasema, 'Nyamaza. Mimi nimeshakulilia, wewe nimekumaliza. Hayo machozi yatunze, ni yangu.'"

Treni ikaingia. Nilimsaidia kikapu, akapanda, akapata dirisha. Hakunipungia. Alikaa amenyooka, macho makavu kabisa, midomo ameikaza kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni na safari bado ndefu. Alikuwa anampelekea mwenyewe.